Ujumbe Usio na Neno

Mwaka 1999 Shadia alikuwa karani wa shirika moja mjini Kasulu, akisimamia ukurasa wa mtandao ambao wakimbizi walitafutia ndugu waliopotea. Mtu popote duniani aliweza kuandika ujumbe, yeye akausoma kwenye kompyuta ya ofisi. Kompyuta hiyohiyo ilitunza majalada ya kambini, yenye majina na mahali mtu anapokaa.

Jumatatu moja Reverien alifika kutoka kambini, shati limemganda kwa jasho.

"Dada, jina langu la zamani, ambalo wauaji wananitafutia, nilikutajia wewe peke yako."

"Ndiyo."

"Jana watu wawili wamelitaja mlangoni kwangu. Mungu amesaidia, nilikuwa kibaruani kijiji cha Makere."

Shadia aliapa kwamba hakumwambia mtu. Reverien akaondoka bila kuaga.

Shadia akaanza kupekua kompyuta. Wiki iliyotangulia ulikuwa umeingia ujumbe mtupu, wenye jina la mtumaji tu. Aliufungua tena, safari hii akatazama maandishi yanayojificha nyuma ya ukurasa. Palikuwa na mistari ya amri. Alipousoma mara ya kwanza, kompyuta yake ilizitii kimyakimya, ikampelekea mtu wa nje alama inayomtambulisha Shadia. Mtu huyo akaingia majaladani kana kwamba ndiye Shadia.

Aliufuta, akabadili neno la siri, akawaandikia watengenezaji wa programu ya ukurasa ule, huko Ulaya. Wakajibu kwamba programu haina kasoro. Akaandika tena, akiambatisha zile amri. Siku ya tisa wakatuma kiraka, yaani rekebisho la programu: sasa ingefuta neno linaloanzisha amri. Shadia akaliandika neno hilo kwa kuchanganya herufi kubwa na ndogo. Likapita bila kufutwa.

Akachomoa waya wa dishi lililoleta mtandao.

"Kuna akina mama wanatafuta watoto humo!" mkuu wake, Hashimu, akafoka.

"Najua, kaka. Na wauaji wanatafutia humo humo."

Alimwonyesha kumbukumbu za kompyuta: majalada manne yalifunguliwa siku ambazo ofisi ilikuwa imefungwa. Hashimu akachukua funguo za gari.

Kambini walibisha mlango mmoja mmoja. Reverien na wengine wawili wakapakia virago vyao, wahamishiwe Kibondo. Mlango wa nne, wa Pelagia, ulikuwa wazi, maharage yakichemka jikoni.

"Ametoka sasa hivi na shemeji zake," jirani akasema. "Wamekuja na gari."

Shadia alishika mwimo wa mlango. Jaladani alikuwa ameandika kwa mkono wake kwamba Pelagia hana ndugu aliyebaki.

Baada ya miezi miwili kikaja kiraka cha kweli: chochote mtu alichoandika kilibaki maandishi, hakikuweza kuamuru kitu. Barua ya watengenezaji ilisema hakuna mteja aliyeripoti madhara.