Gauni la Themanini na Nne

Mwatum alikuwa ameinama juu ya rundo la mitumba sokoni Wete, mtandio kauzungusha shingoni, akichambua. Akapata shati la kiume la njano, sketi ya marinda ya rangi hiyo hiyo iliyochanika kiunoni, na pazia lenye lesi pindoni. Akavitia vyote mkobani, akarudi kwake Jadida kwa miguu. Mwengine angeona matambara, yeye alishaliona gauni.

Kazi yake ndiyo hiyo, kuchukua nguo za siku hizi za bei ya chee na kuzigeuza za zamani. Sponji la godoro lilikuwa mabega, suruali mbili za mtumba zikazaa bugaluu moja la miguu mipana. Na kwa ufundi wake, mtu akishavaa hurudi mwaka wa nguo hiyo. Mzee Othman, jirani yake, alivaa bugaluu lake siku ya harusi ya mjukuu, meno yakamrudia yote, akatafuna miwa mchana kutwa. Jioni alipolivua, meno yakaondoka. Alichonung'unikia ni kwamba kiuno kilimbana.

Mwatum hakuwahi kujishonea mwenyewe, mpaka Msellem, mumewe, alipoongeza mke.

Mke mwenyewe ni Kazija, wa Kiuyu, mtoto mbichi, ana mwanya na cheko linalosikika mtaa mzima. Msellem alimpangia nyumba upande wa pili wa njia, akagawa zamu kama dini inavyotaka. Siku za Kazija alijifukiza udi mpaka kofia. Siku za Mwatum alikuja na jasho lake, akala, akauliza kama maji yametoka, akajinyoosha. Wivu ukamshika Mwatum. Kila cheko lilipovuka njia, sindano ilimchoma kidole.

"Yakhe, anateka maji tu yule," alisema peke yake. "Ndoo inachekesha nini?"

Ndipo alipokusudia kurudi mwaka wa themanini na nne, mwaka alioolewa. Ukutani ilikuwepo picha waliyopiga studio fungate lilipokwisha, yeye kavaa gauni la njano, kiuno kama cha nyigu. Alitaka Msellem amuone vile. Akashona marinda, akapachika lesi, akajaza mabega, na siku ya zamu yake alipomaliza kupika akalivaa, akasimama mbele ya kioo.

Kiooni alisimama Mwanawema.

Mwanawema ni binti wa ami yake Msellem. Wakati huo huo mwenyewe alikuwa Tanga, mzima wa afya, akilea wajukuu. Lakini hapa alikuwa msichana, mrefu, na mwanya wake.

"Aa, kweli," Mwatum alikiambia kioo. "Lilikuwa la kuazima."

Miaka ile nguo madukani ilikuwa tabu, na bibi harusi alivishwa vya watu toka kichwani hadi nyayoni. Mkufu wa shangazi, viatu vya jirani, gauni la Mwanawema. Walipotoka studio likafuliwa, likapigwa pasi, likarejeshwa kwa mwenyewe. Muda ule wote Mwatum aliitazama picha, na hilo lilimtoka kabisa.

Alikuwa akitafuta vifungo mgongoni Msellem alipoingia, katoka kusali adhuhuri. Alisimama mlangoni, akavua kofia.

"Mwanawema," alisema. "Umekuja."

Hakuketi kwenye chakula. Aliketi mkekani, karibu na miguu yake.

"Walininyima weye," alisema. "Baba kasema, mchukue Mwatum. Mie nilikuwa na kauli gani?"

Kisha akalia. Siku ya kumzika mamake hakulia. Mwatum alimtazama kichwani, nywele zimeshaota mvi, akawaza ule mwanya wa Kazija, na mwanya huu uliokuwa sasa hivi kinywani mwake, akauelewa uposaji wa Kiuyu. Kumbe mtu aliyekuwa akimwonea wivu siye.

Msellem alipokwenda zake, Mwatum alilivua gauni, akatafuta kibiriti alichome. Kibiriti alikipata. Lakini maisha yake yote hajaitwa na mtu kwa sauti ile, na roho ilimuuma kuiacha ipite. Akalitundika msumarini. Zamu yake ilipofika tena akalivaa, na Msellem akaja ananukia udi. Baadaye akawa anakuja hata siku zisizokuwa za Mwatum.

Kazija akavuka njia.

"Hodi, Bi Mwatum."

"Karibu."

"Leo yangu, na jana yangu. Siku zangu zaliwa."

"Sizili mie."

"Nani basi?"

Mwatum alimuonesha gauni. Kazija akalishika, akalinusa kwapani, akageuza mishono akaitazama.

"Nishonee na mie."

"Ukilivaa hutokuwa weye."

"Si kitu," alisema Kazija. "Bora aje."

Macho yalikuwa yamemvimba. Mwatum alimuonea huruma, na pazia lilibaki la kutosha gauni jengine. Akamwambia kitambaa kimekwisha. Kazija akarudi kwake, na siku ile hapakusikika cheko lolote.

Alasiri Mwatum alilivaa gauni, Msellem akaja, akaketi mkekani. Alizungumza juu ya shamba la Wingwi walikokuwa wakichuma karafuu wote, yeye na Mwanawema, kabla hawajakatazwa. Mwatum hakuwahi kufika huko. Alijibu kwa kubahatisha, naye akayapokea yote.

"Na mkeo?" aliuliza. "Hukumpenda hata siku moja?"

Msellem akageuka, akautazama mlango wa chumbani, akamsogelea.

"Sema polepole," alinong'ona. "Asije akasikia Mwatum."

Mwatum akateremsha sauti.