Kidude cha Kubana Kidole

...eti mashine ndiyo inayoumwa, yeye mzima! Subiri, dada, nikae kwanza. Shangazi yuko hai, usianze kulia. Ila leo asubuhi alikuwa anarudishwa nyumbani aje kufia hapa, kwenye hilo kochi ulilokalia, na aliyetia saini ni daktari mkuu wetu.

Unakijua kile kidude cha kupima oksijeni, kinachobana kidole kama kibanio cha nguo? Kililetwa wodini mwezi jana. Daktari mkuu, yule tunayemwita Masikio kwa anavyojisifu kusikiliza vifua, akataka kianzie kwake. Alikuwa ametoka kunawa maji ya baridi, vidole barafu tupu. Kikasoma themanini na sita, wakati mtu mzima wa afya hashuki chini ya tisini na tano. Aliyepita darasani anajua kidole kikiwa baridi kipimo kinaweza kudanganya. Yeye akacheka, akabandika plasta, akaandika MBOVU, kikatupwa droo ya glavu. Mwezi mzima, dada, na hakuna nesi, hata mimi, aliyethubutu kubandua ile plasta.

Leo namkuta shangazi anafunga mkoba, midomo imepauka, anahema kama aliyepanda ngazi, na faili limeandikwa: kifua safi, aende nyumbani. Nikafungua droo. Nikamsugua kidole mpaka kikapata joto, nikabana. Themanini na tatu.

Sista wa zamu akaninong'oneza, "Mwanangu, usiandike. Hapa nesi haandiki namba kabla daktari hajaweka mkono."

"Mkono ameshaweka, sista, na ndio unaomfukuza mgonjwa."

Nikaandika. Kwa wino mwekundu.

Masikio akaja, akasoma. "Binti, umeanza kazi lini?"

"Mwezi jana, daktari."

"Mimi nasikiliza vifua tangu hujaota meno. Mashine hiyo ni mbovu."

Shangazi, unaujua mdomo wake, akasema kwa kukatakata pumzi, "Basi wabane na wenzangu. Tuone kama ni mbovu kwa wote au kwangu tu."

Nikazunguka. Sista, tisini na nane. Mfagizi, tisini na saba. Bibi wa kitanda cha nne, aliyevunjika nyonga, tisini na sita, akafurahi kama amefaulu mtihani. Mimi na hasira zangu, tisini na tisa. Nikarudi kwa shangazi: themanini na mbili.

Masikio akakohoa, akasema, "Leteni mtungi wa oksijeni." Samahani hakuna, mtungi tu. Baada ya nusu saa shangazi akafika tisini na nne, midomo ikarudi rangi.

Chuoni tulisoma kwamba hata kipimajoto kilipokuwa kigeni, wapo madaktari waliokidharau, eti kiganja chao kinatosha. Siku ile darasa zima tulicheka. Leo sina hamu ya kucheka.

Maana sikia. Mchana kaitisha kikao. "Nimeamua," anasema, "kuanzia leo kila mgonjwa wa kifua apimwe kwa kifaa hiki." Kaamua yeye. Watu makofi. Sista akanikanyaga mguu nami nipige. Haya, nikapiga, shukrani ya punda ni mateke, nimezoea. Lakini akaongeza: hiki ni kifaa cha madaktari, manesi watakivunja. Akakifungia kabatini ofisini kwake, ufunguo mfukoni, huyoo, akaenda zake nyumbani.

Na shangazi je? Akishuka tena, nani atajua? Nimemwacha sista akimchungulia midomo. Ndicho kipimo tulichobakiwa nacho, na kile kizima kiko hatua kumi, nyuma ya kufuli.

Kesho saa moja asubuhi nitakuwa nimesimama mlangoni pa ofisi yake, na siondoki bila ule ufunguo. Anifukuze kazi akitaka. Sasa nipe blanketi la shangazi, narudi kukaa naye. Atakachonijibu Masikio, kesho jioni utakipata chote, neno kwa neno.