Albamu Iliyosikilizwa Gizani

Mkoba ulikuwa nyuma ya pipa la maji, umefunikwa kwa gunia. Ardo aliuona asubuhi alipokuwa akifagia, akaufungua. Ndani mlikuwa na nguo za binti yake Kowsar, raba, tende, na cheti chake cha kidato cha nne kilichofungwa kwa nailoni. Hakuna msichana anayekwenda kumsalimia shangazi yake mtaani Waberi akiwa amebeba cheti.

Mkoba wa namna hiyo Ardo aliujua. Mwana wa jirani yake Batula alikuwa nao. Vijana huiita safari ile tahriib: unatoka bila kuaga, unapita Ethiopia na Sudan na jangwa lake, mpaka Libya, ukitafuta bahari ya kukuvusha kwenda Ulaya. Batula alipouona mkoba wa mwanawe alipiga mayowe mpaka mtaa ukajaa, na kijana akaondoka siku ile ile kwa hasira. Sauti yake ilirudi mara moja tu, kwenye simu, waliomteka wakimpiga ili mama asikie, atume fedha. Mpaka leo simu ya mtu yeyote ikilia karibu naye, Batula hushika ukuta.

Basi Ardo hakupiga mayowe. Alirudisha gunia kama alivyolikuta, akamaliza kufagia, akaenda zake sokoni Garissa kuuza maziwa ya ngamia, na wala hakujua aliwapimia akina nani. Midomo yake ilikuwa kwenye Ayatul Kursi. Akiimaliza, anaanza upya.

Kwa kuona kwake yeye, mambo yaliharibika siku ile albamu ilipotoka. Bendi ni ya vijana wa Nairobi, inaitwa Vumbi la Jioni, na albamu wameipa jina Geti Wazi. Tangu hapo Kowsar alikuwa hali sawasawa, waya ziko masikioni, macho mekundu. Na simu yake haikunyamaza. Mashabiki wenzake walikuwa na kundi lao humo, wakirushiana sauti mchana kutwa, na Ardo, akikuna nazi au akikunja nguo, aliwasikia wote.

"Maze, wimbo wa nne umenikalisha chini."

"Mimi niliusikiza kazini, nikajifungia chooni nikalia kama mtoto."

"Usiusikize ukiwa peke yako, nakwambia. Utaona nyumba inakuangalia."

Ardo alijiuliza ni watu gani hawa wanaonunua bando ili walie. Lakini hakucheka. Msichana anayelia bila kusema analilia nini, huyo ameshaanza kwenda.

Alasiri, baada ya kuswali, Kowsar alijifunga mtandio, akamwambia mama yake, "Hooyo, leo tunasikiliza albamu pamoja, kule Galbet, kwa studio ya Kim."

"Kim yule wa picha za kitambulisho?"

"Huyo huyo. Tuko wengi. Usiwe na wasiwasi."

"Wiki nzima umeisikiliza. Kuna neno lilibaki?"

"Mkiwa pamoja ni tofauti, hooyo." Halafu akainama akambusu kwenye paji la uso. Kowsar hakuwa mtoto wa kubusu watu.

Alipotoka, Ardo alikwenda kwenye pipa la maji. Gunia lilikuwa limelala bapa chini.

Alivaa jilbabu nyeusi na niqabu anayoivaa siku za vumbi tu, maana sokoni wateja hutaka kumwona sura. Akamfuata binti yake kwa mbali chini ya jua kali, akipita upande wa kivuli. Hakuwa na mpango wowote. Alijua tu kwamba hatamshika mkono mbele za watu, kwa sababu Batula alimshika wake.

Studio ilikuwa chumba kirefu nyuma ya duka la nguo. Madirisha yalikuwa yamezibwa kwa blanketi. Ardo alivua viatu mlangoni, akavisukuma chini ya vya wenzake. Ndani mlikuwa na kiza cha kutosha kumficha mtu uso hata asipokuwa na niqabu.

"Karibu, karibu," akasema Kim, kijana mwembamba mwenye kofia. "Wewe ni…?"

Kabla Ardo hajajibu, msichana mmoja aliyekaa kwenye mkeka aliruka juu. Alikuwa Wilkister, karani wa ofisi moja ya serikali pale mjini, mtu wa bara, mwenye sauti ya kujaza chumba. "Ngoja! Wewe ndiye Iftin? Iftin wa Ifo?"

Iftin. Jina hilo Ardo alilisikia kwenye simu ya Kowsar. Msichana wa kambi ya wakimbizi ya Ifo, aliyekuwa akiandika tu, hana picha, hana sauti, na kila alichoandika wenzake walikisifu. Hakuna aliyewahi kumwona. Ardo aliinamisha kichwa kukubali.

"Aki umetoka Ifo na jua hili! Jamani, Iftin amekuja!"

"Haongei, mwone! Hata kwa kundi ni hivyo hivyo."

"Mwache, Wilkister, utamtisha arudi."

Wakacheka, wakamsogezea nafasi kwenye mkeka. Na kutoka mbele yake, karibu kabisa, Kowsar akageuza shingo na kusema kwa upole, "Karibu, abaayo."

Dada. Binti yake mwenyewe amemwita dada. Ardo alificha mikono ndani ya mikono ya jilbabu, maana hiyo haikuwa mikono ya msichana.

Kim alisimama akaeleza. Simu zote zizimwe isipokuwa yake. Hakuna kuongea mpaka albamu iishe. Kisha simu yake itapita mkono kwa mkono, na atakayeishika aseme albamu imempeleka wapi. "Hakuna kucheka mtu. Hakuna kubishana. Na hakuna kukwepa, kila mtu anasema."

Wakati Kim anahangaika na spika, kijana mmoja alimwinamia Kowsar sikioni. Walimwita Najib. Ardo alikuwa nyuma yao, goti lake likikaribia kugusa mgongo wa binti yake.

"Gari ni mara baada ya adhana ya Maghrib," Najib akanong'ona. "Hapa nje, kwa kona. Ikipiga honi mara mbili, unatoka. Hawangoji mtu."

"Mkoba ninao."

"Na mama yako?"

Kowsar aliuvuta mkoba karibu na goti lake.

Mlango ukafungwa, giza likawa giza. Ardo alishika tasbihi yake ndani ya nguo mpaka ikamuuma vidole. Ya Rabbi, alisema moyoni, ukinichukua sasa hivi utanikuta nimekaa kwenye ngoma, gizani, na vijana wa kiume, nikiitwa jina la mtu. Wewe unajua kilichonileta. Aliogopa paa lisije likamwangukia. Aliogopa mlango pia: kama polisi wangeupiga teke wakakuta vijana wamejifungia gizani katika Garissa hii, ambako kila kijana hushukiwa ugaidi, nani angewauliza wanasikiliza nini? Lakini hofu hizo zote zilikuwa ndogo. Kubwa ilikuwa imekaa mbele yake, imevaa mtandio, inapumua polepole.

Muziki ulianza. Alikuwa amejiandaa kumsikia shetani. Akasikia mtu aliyechoka. Ngoma ilidunda polepole, pigo moja moja, kama moyo wa mgonjwa, na sauti ya mwanamume ikaimba chini sana, kama anayeongea peke yake kwenye nyumba tupu. Nyimbo tatu zikapita hivyo. Kisha ukaja ule wa nne, na Ardo akahisi nywele zikimsimama chini ya jilbabu.

Ulianza kwa lori. Si ngoma, si kinanda. Lori lililosimama nje ya geti, injini haijazimwa, linanguruma tu. Likanguruma, likanguruma, na yule mwanamume akaimba kwamba geti liko wazi, shuka, chakula kiko mezani, shuka. Hakuna aliyeshuka. Karibu yake mtu alianza kulia. Ardo alijua ni nani bila kuona.

Albamu ilipoisha, Kim akawasha kioo cha simu yake, mwanga mdogo wa samawati, akampa Wilkister.

"Mimi imenirudisha kwetu," akasema Wilkister, na sauti yake kubwa ilikuwa imepungua. "Usiku mama alipofungiwa mlango na baba, tukalala nje. Nilikuwa nimesahau kabisa. Hawa watu walaaniwe, lakini wasiache kuimba."

Najib alisema imempeleka mbele, si nyuma, na hakueleza zaidi. Kim alisema yeye alimwona marehemu nyanya yake. Simu ikapita, ikafika kwa Kowsar.

"Wimbo wa nne ni nyumba yetu," akasema. "Aabo, yaani baba, alikuwa dereva wa lori la mifugo. Mimi nilikuwa bweni. Nikaitwa nyumbani, nikakuta watu wengi, wakaniambia ameshazikwa, Allah amrehemu. Wakanipa chai. Nikainywa." Akavuta pua. "Basi. Sikuona mwili, sikuona kitu. Hooyo akakaa eda yake kimya, ikaisha, akaendelea na kimya. Jina lake kwetu halitajwi. Kwa hivyo mimi kila jioni nasikia lori getini, nangoja mtu ashuke. Nimechoka kungoja. Afadhali niwe mimi ninayeondoka."

Kowsar akanyoosha mkono nyuma bila kutazama. "Iftin, ni wewe."

Simu ilikuwa na joto la kiganja cha mtoto wake. Ardo aliishika. Mwanga wake uligonga niqabu, na akahisi macho yote yamemgeukia.

"Sema tu, sista," Wilkister akamhimiza. "Hapa hakuna mbaya."

Nje jua lilikuwa linaenda kutua. Ardo aliona njia zake zote. Angeweza kumdaka Kowsar mkono amburute. Basi angekuwa Batula. Angeweza kuirudisha simu bila neno, aende akalie mlangoni mwa nyumba yake.

"Nilimwosha mimi," akasema.

Mbele yake mgongo wa Kowsar ulikakamaa.

"Mniwie radhi. Mimi si Iftin. Lakini mmesema kila mtu aseme." Akaigeuza simu, mwanga ukaangukia mkeka. "Moyo wake ulisimama njiani, upande wa Modogashe. Utingo ndiye aliyeendesha mpaka kwetu. Lori lilifika getini, halikuzimwa, kwa sababu yule mtoto wa watu hakujua atuambie nini. Nikangoja ashuke. Hakushuka. Basi nikapanda mimi."

"Hooyo," Kowsar akasema, lakini hakugeuka.

"Wanaume walitaka kumwosha wao. Ndiyo desturi. Nikawaambia dini inamruhusu mke, na mke ni mimi. Maalim akasema ni haki yake, mwacheni. Nikachemsha maji na majani ya mkunazi. Nikaanza upande wa kulia kama inavyotakiwa. Nywele zake zilijaa vumbi la barabara. Halafu nikafungua kiganja." Akaielekeza simu kwenye kiganja chake mwenyewe. "Kiganjani alikuwa ameandika namba kwa kalamu. Ya bweni. Alikuwa anangoja apate mtandao, akupigie. Ule wino ulinisumbua. Nikausugua polepole, kwa sababu lazima utoke, na mimi sikutaka utoke."

Wilkister alikuwa ameziba mdomo kwa mikono miwili.

"Ndiyo sababu ya kimya changu. Nilijua siku nitakayofungua mdomo nitaisema hiyo, na wewe utajua simu yake ilikuwa njiani inakuja. Nilidhani nakukinga."

Kutoka msikitini adhana ya Maghrib ikaingia kupitia blanketi. Ardo aliiweka simu juu ya mkeka. Hakumgusa binti yake; aliogopa kwamba akimgusa hatamwachia, na mtoto aliyeshikwa hutafuta pa kuchomoka. Alimuuliza Kim, "Maji ya kutawadha yako wapi, mwanangu?"

"Nyuma, mama. Kuna mfereji."

Alitoka bila viatu, bila kutazama nyuma. Akaufungua mfereji ule, akachuchumaa. Maji yalimwagika kwenye jilbabu, akaanza tena. Alipokuwa akisukutua, honi ililia kwenye kona. Mara mbili.

Alisikia mlango wa mbele ukifunguliwa. "Kowsar!" Ilikuwa sauti ya Najib. "Gari! Kowsar, njoo, hawangoji!" Kisha nyayo, za mtu mmoja au za watu wawili, hakuweza kujua. Injini ilikuwa ikinguruma kule nje. Ardo alifumba macho, akaosha uso, na kila tone lilikuwa dua.

Alipofumbua, mtu alikuwa amechuchumaa kando yake.

"Maji yalikuwa ya moto ama baridi?" Kowsar akauliza. Sauti ilikuwa ya mtoto mdogo.

"Vuguvugu. Nilipima kwa kiwiko, kama tulivyokuogesha wewe."

"Alikuwa amefunga macho?"

"Amefunga. Kama amechoka na safari."

Honi ikalia tena, safari hii ndefu, ya hasira. Kowsar alishtuka. Lakini msichana hakusimama. Alipandisha mkono wa nguo yake, akafungua kiganja, akakiweka chini ya maji.

"Nionyeshe namba ilikuwa wapi," akasema.

Ardo akaushika ule mkono kwa mkono wake wa kushoto, na kwa kidole cha kulia, kilicholowa, akaanza kumwonyesha.