Herufi Pacha

Watu husema hasidi hana sababu. Mimi ninazo. Theodosia ni mtoto wa wakimbizi wa Burundi, na Kiswahili anakivunja mchana kweupe: kulala kwake ni kurara, pole ni pore. Mimi Mwanaheri ni mzaliwa wa Tanga. Sasa niambie, nafasi moja ya kwenda Italia kusomea uuguzi wa masikio ilimfaa nani?

Sista Veronica, aliyewahi kuishi huko, alitufundisha Kiitaliano sisi wauguzi wawili, nyuma ya wodi ya hospitali yetu hapa Kasulu. Neno lake la kutupimia lilikuwa jina la daktari wa masikio, pua na koo: otorinolaringoiatra. Alitaka tulikate kwa makofi, kofi moja kila silabi. Herufi ikiwa pacha, viganja vigandane kwanza, ndipo viachane.

Makofi? Kwani mimi mtoto wa chekechea? Nililisoma mara moja, likateleza kama uji. Theodosia alipiga makofi mpaka wagonjwa wakachungulia dirishani. "Otolino... otorinora..." Nilicheka hadi machozi. Naye akacheka.

"Baba yangu anaitwa Nizigiyimana, dada," akasema. "Neno refu harinitishi."

Roho iliniuma. Hata kukasirika hajui!

Siku ya usaili nilitangulia mbele ya madaktari wawili wa Kiitaliano. Neno refu nikalimaliza bila kushika breki, wakaridhika. Kisha mmoja akaniuliza kijiswali tu: nina miaka mingapi?

"Ho trenta ani," nikajibu kwa madaha.

Daktari akakohoa. Mwenzake akainamia meza, mabega yakimtetemeka. Sista, aliyekaa pembeni, akafumba macho. Miaka kwao ina n mbili, an-ni. Ukitamka moja, umetaja tundu la haja kubwa. Nilikuwa nimewatangazia wageni kwamba ninayo thelathini.

Theodosia akaingia. Nikiwa nje ya mlango nilisikia vikofi vyake vya chinichini: o-to-ri-no-la-rin-go-ia-tra. Lilipofika swali la umri, kofi likakawia kidogo. "An-ni."

Alitoka na nafasi yangu. Nasema yangu, na siombi radhi. Akanikumbatia.

"Pore, dada."

"Ni pole," nikamkata. "Ina l."

Akarudi nyuma hatua moja, akainua viganja.

"Po-le," akasema kwa makofi mawili, na safari hii hakukosea.