Barua Iliyobaki Ndani ya Mashine

Fundi Onesphory wa Katesh alikuwa na masharti mawili ya kazi: mteja asimsimamie nyuma ya shingo, na mteja asimwambie "sijagusa kitu." Kwa miaka kumi na moja ya kufungua mashine za watu hakuwahi kukutana na mtu aliyesema hajagusa kitu ikawa kweli. Siku alipoitwa kijijini Nangwa ndipo alipokutana naye.

"Sijagusa kitu," alisema Mama Paskalina. "Na hakuna aliyegusa. Siku kumi leo."

Ulimi wa Onesphory ulishainuka kutania, akakumbuka yuko msibani, akaurudisha mahali pake. Nje wanaume walikuwa wamekaa chini ya turubai, wanawake wanasonga ugali kwenye masufuria ya kukodi, na ukungu wa mlima ulikuwa umeshuka hadi kwenye mahindi. Ndani, kwenye chumba cha marehemu, laptop nyeusi ilikuwa juu ya meza, imefunguka, taa yake inawaka.

Marehemu ni Evaline, binti wa Mama Paskalina, mwalimu wa sekondari. Siku kumi nyuma aliinuka kwenye meza ile akiwa ameshika tumbo, akapandishwa pikipiki kwenda hospitali. Mlangoni aligeuka. "Mama, msiizime kompyuta. Sijamaliza kuandika." Utumbo ulikuwa umeshatoboka, hakufika asubuhi.

Nyumba ile ina utaratibu wake. Mtu akifa, vitu vyake haviguswi mpaka tanga lianuliwe. Kanga ilibaki kwenye msumari, ndala zilibaki chini ya kitanda zikiwa zimeelekea mlangoni. Laptop nayo ikahesabiwa kuwa kitu cha marehemu kama ndala, ikaachwa. Betri yake ilishakufa zamani, ilikuwa inaishi kwa waya tu, kwa umeme wa sola. Asubuhi hiyo, tanga lilipoanuliwa, mama alikunja kanga, akaweka ndala ndani ya boksi, kisha akagusa mashine kwa kidole kimoja. Skrini ikawa nyeupe, haiendi mbele wala nyuma.

"Alikuwa anaandika nini, mama?"

"Kuhusu Monica." Alielekeza kidevu dirishani. Huko nje msichana wa miaka tisa alikuwa anaosha vikombe, mgongo umewageukia. "Mtoto wake. Baba yake, Yonas, alikufa mwaka juzi. Sasa wazee wanakaa leo saa nane. Kama mama yake hajaacha neno, mtoto anakwenda Basotu kwa baba yake mdogo, Sulle. Ndivyo ilivyo kwetu. Lakini neno la mama likiwepo, tena la kuandikwa, wazee watalisikiliza. Mzee Akonaay ameniahidi."

"Huyo Sulle ni mtu mbaya?"

"Si mtu mbaya, baba. Hilo ndilo linaloniua. Angekuwa mbaya ningepata la kusema." Alikaa kwenye ukingo wa kitanda. "Nimezaa mmoja tu. Huyo alizaa mmoja tu. Wakimchukua, nitapika chakula cha nani?"

Saa ya ukutani ilionyesha saa nne na nusu.

Onesphory alivuta kiti. Juu ya dirisha lile jeupe aliona jina: Hati ya Kwanza. Yaani haijapewa jina. Yaani haijasevika hata mara moja.

"Modest alisema tuzime tuwashe," mama aliongeza. "Mwalimu wa kwaya. Anasema zikikwama huwa ni dawa."

"Mwambie Modest aendelee kutafuta sauti ya nne, dawa aniachie mimi." Kisha akaona mama hajacheka, akainama. "Sikiliza, mama. Ukipepeta maharage, kuna gunia na kuna ungo. Yaliyo kwenye gunia yamelala, hata giza likiingia utayakuta. Yaliyo kwenye ungo umeyashika mkononi. Mkono ukilegea, yako chini, kuku wanakula. Mashine hii ina gunia na ina ungo. Barua ya Evaline iko kwenye ungo. Umeme ukikatika sekunde moja, hakuna barua."

"Basi imwage kwenye gunia."

"Gunia limejaa. Limejaa hadi mdomoni. Ndiyo maana imekwama."

Hakumwambia alikojifunza habari ya ungo. Miaka mitatu nyuma, kwenye parokia moja upande wa Mbulu, alikutana na skrini nyeupe kama hii akafanya uhodari, akabonyeza kitufe cha kuzimia. Majina ya watoto mia mbili wa kipaimara yalikwenda na maji. Akasema ni virusi. Katekista, ambaye hakuwa mjinga kama Onesphory alivyomkadiria, alimpeleka kwa fundi wa pili, na kuanzia hapo hata kuchaji simu hakuna aliyempa kazi upande ule. Tangu siku hiyo Onesphory anatania kila kitu isipokuwa kile kitufe.

Alianza na umeme. Alifuata waya hadi sebuleni, akakuta simu kumi na moja za waombolezaji zimening'inia kwenye inveta moja zikinyonya kama ndama. Alizichomoa zote. Mzee mmoja akauliza kwa nini yake. "Yako ndiyo inanyonya sana, mzee, ina njaa kama mwenyewe," akamjibu, na turubai zima likacheka, na kwa dakika moja msiba ule ukawa mwepesi.

Akarudi kwenye meza. Kila alichobonyeza kiliitika baada ya dakika tatu, dakika nne. Akafungua orodha ya vilivyokuwa vinafanya kazi: mitihani ya zamani, orodha za alama za wanafunzi, kurasa za intaneti ishirini na kitu. Mashine ya giga mbili za ram, ndiyo ule ungo, imebebeshwa mzigo wa punda watatu. Akaanza kufunga kimoja kimoja, taratibu, akiiruka ile Hati ya Kwanza kama mtu anayeruka mtoto aliyelala. Ungo ukapungua uzito. Lakini dirisha lilibaki jeupe.

Akafuta mabaki ya mafaili ya muda. Zikapatikana mega mia tatu. Alipotazama tena, hamna kitu. Mashine yenye ram ndogo huazima nafasi kwenye diski, yaani kwenye gunia, na hii ilikuwa na njaa ya siku kumi: kila alichoiachia ilikimeza palepale. Akachomeka flashi yake ahamishie vitu huko. Ikaandika kwamba kazi itachukua muda wa saa tano. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasorobo.

"Mama, nahitaji kufuta kitu kikubwa. Kikubwa kweli, mara moja."

"Futa."

"Kipo kimoja tu kinachofaa. Video. Imeandikwa Ubatizo wa Monica."

"Evaline alikodi mpiga picha kutoka Katesh," alisema Mama Paskalina. "Mle ndani anaimba peke yake. Ubeti mzima. Hatuna pengine sauti yake ilipo, fundi. Kwenye simu yake ni picha tu."

"Nikiifuta kawaida inakwenda kwenye kapu, na kapu liko ndani ya gunia lilelile. Lazima niifute moja kwa moja."

"Isirudi?"

"Isirudi."

Alitazama dirishani. Mtoto alikuwa amemaliza vikombe, sasa anavipanga kwa rangi.

"Sauti haitamzuia Sulle," alisema. "Futa."

Onesphory aliuliza mara ya pili, na mara ya tatu. Kisha akafuta.

Kwa muda hakikutokea kitu. Halafu feni ya mashine, iliyokuwa inalia kama nyuki, ikashuka. Weupe ukaondoka kwenye skrini kwa vipande, kutoka juu kwenda chini, na maandishi yakaja.

"Mama!"

Mama Paskalina alisimama nyuma ya shingo yake, na sharti la kwanza likavunjika bila yeyote kulalamika. Barua ilianza: Mama yangu, nikichelewa kurudi, soma hii. Zikafuata habari za ada, za ng'ombe aliyekuwa kwa jirani, za funguo za kabati la shule. Mistari mingi. Na chini kabisa, mstari wa mwisho uliotokeza kabla skrini haijaisha: Kuhusu Monica, nimeshaongea na baba yake mdogo, na

Iliyobaki ilikuwa chini ya ukingo. Ilihitaji kidole kimoja tu kuivuta juu.

"Vuta," alisema mama.

"Tusevu kwanza. Kwanza gunia." Alibonyeza. Mashine ikauliza jina. Akaandika Evaline, akabonyeza tena. Kiduara cha kusubiri kikaanza kuzunguka.

Kikazunguka. Kwa mashine ile hata kuhema ni kazi. Onesphory alihesabu kimoyomoyo, akafika arobaini.

Nje, Modest alikuwa mtu wa saa. Ratiba ilisema saa sita na nusu ni wimbo wa kufungia msiba, kabla ya chakula na kabla ya wazee. Spika ilikuwa imeletwa tangu asubuhi na kinanda chake. Aliingia sebuleni, akaona tundu za inveta ziko wazi isipokuwa moja, akashukuru moyoni kwamba leo watu wameonyesha adabu kwa kwaya, akachomeka.

Inveta ililia mara moja, kama mbuzi aliyekanyagwa. Kisha ikanyamaza, na skrini ikawa nyeusi.

Onesphory alibaki ameweka mikono juu ya meza. Kutoka nje ilisikika sauti ya Modest: "Haloo? Haloo? Mbona haisemi?"

Walichomoa spika. Wakasubiri sola ipumue kwenye ukungu ule, dakika ishirini. Mashine ilipowaka ilikuja nyepesi, haraka, safi, kama mashine iliyokarabatiwa vizuri. Mteja yeyote wa Katesh angefurahi. Onesphory alitafuta Evaline, hakuna. Alitafuta nakala zinazojihifadhi zenyewe, akakuta moja, ya usiku ule, kabla gunia halijajaa. Ilikuwa na maneno matano: Mama yangu, nikichelewa kurudi, soma.

Na hapo ndipo kilipomjia kile ambacho angekifanya fundi yeyote wa siku ya kwanza. Simu yake ilikuwa mfukoni. Ina kamera. Angeivuta tu ile barua juu akaipiga picha, wakati kile kiduara bado hakijaanza kuzunguka. Aliweka mkono juu ya mfuko, akauondoa.

Saa nane wazee walikaa. Mzee Akonaay, mkubwa wa ukoo, alimwita fundi katikati ya turubai. Sulle alikuwa amekaa pembeni, mtu mwembamba wa makoti mawili, kofia magotini, macho mekundu ya kulia kweli.

"Mama anasema umeiona barua," alisema Mzee Akonaay.

"Niliiona, mzee. Nusu."

"Ilisema nini juu ya mtoto?"

Mama Paskalina alikuwa mlangoni. Hakumfanyia ishara yoyote, alimtazama tu. Maneno yalikuwa mepesi: na nataka abaki kwa bibi. Maneno matano. Nani angepinga? Ulimi uliowahi kusema "ni virusi" ungeshindwa na hili? Lakini akilini alimwona katekista yule akikunja mikono, na akaona vilevile kwamba Sulle anajua waliongea nini na marehemu, naye Onesphory hajui.

"Ilisema: Kuhusu Monica, nimeshaongea na baba yake mdogo, na. Hapo ndipo skrini ilipoishia. Mengine sikuyaona."

Mzee Akonaay akageuka. "Sulle. Mliongea?"

"Tuliongea kwa simu. Mara mbili."

"Mliongea nini?" Hiyo ilikuwa sauti ya Mama Paskalina, kutoka mlangoni.

Sulle alizungusha kofia. "Mama, nikisema mnachotaka kusikia, mtasema nimeogopa. Nikisema kingine, mtasema nadanganya. Nitasema mbele ya nani akaniamini?"

Akaivaa kofia, na waliyoongea akabaki nayo. Wazee walizungumza muda mfupi tu. Neno la kuandikwa halipo, mama wa mtoto na baba mdogo waliongea, basi mambo yaende yanavyokwenda. Kabla ya saa kumi begi la shule la Monica lilikuwa limefungwa nyuma ya pikipiki, na mtoto amekaa katikati ya Sulle na begi, amevaa sweta mbili. Alimpungia bibi yake mara moja, halafu akashika koti la baba yake mdogo kwa mikono yote, maana barabara ya Basotu ina mashimo.

Mama Paskalina alirudi ndani na Onesphory akamfuata.

"Neno moja tu," alisema bila kugeuka. "Mchana kutwa umetania watu. Ungeongeza neno moja."

Onesphory alimwomba laptop aende nayo Katesh. Barua haitarudi, alimwambia waziwazi, ya kwenye ungo ikimwagika imemwagika. Lakini video ilikuwa kwenye gunia, na kilichofutwa kwenye gunia wakati mwingine huacha punje kwenye mshono, kama mashine haijakalia nafasi yake. Hakuahidi. Mama aliifunga laptop kwenye kanga iliyokuwa msumarini, akampa.

Siku nne Onesphory hakupokea kazi nyingine. Alitoa diski, akaifunga kwenye mashine yake, akaacha programu ya kuchimbua ipite usiku na mchana. Sehemu kubwa ilikuwa imeshamezwa mchana ule ule, wakati mashine inajitafutia nafasi. Siku ya tano alipiga simu Nangwa.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Imepatikana?"

"Dakika nne. Vipande vipande. Kuna maji ya ubatizo, kuna mwanga wa dirisha, halafu Evaline amesimama mbele anaimba."

Alisikia pumzi yake kwenye simu. "Anaimba nini?"

"Sauti haikupona, mama. Midomo tu ndiyo inacheza."

Onesphory aliitazama simu kama imekatika.

"Niletee," alisema Mama Paskalina. "Na unifundishe kuiwasha."