Mpira wa Madirisha ya Komanda

Siku ya posho moja, yaani Jumamosi, mwezi wa sita wa mwaka 1965, Melchior, seremala aliyetengeneza bodi za kamio, malori ya mizigo, alikuwa akipima madirisha ya karavani kwa uzi wa mgomba. Mita yake ya chuma iliibwa na waasi walipoingia Butembo, au na askari waliokuja kuwafukuza. Makundi yote mawili yalipitia mlango uleule na kupenda vitu vilevile, kwa hiyo hakuna aliyejua kwa hakika. Uzi ulimtosha. Alifunga fundo moja la upana, mawili ya urefu, akauvaa shingoni na kuhamia dirisha lililofuata. Madirisha yalikuwa manne, na hakuna hata moja lililokuwa na kioo.

Karavani hiyo, ambayo mtaa mzima uliiita nyumba ya mipira kwa sababu ya magurudumu yake, iliachwa na Mbelgiji mmoja mpima mashamba mwezi wa saba wa 1960. Aliondoka na motokaa, mbwa na sufuria zake, nyumba akaiacha kwa kuwa ilimpunguzia mwendo. Kuku walitaga humo miaka minne. Kisha waasi wakaifanya ofisi, na siku ya kukimbia wakang'oa mipira iliyozunguka vioo ili wafungie majani vichwani. Vioo viwili vilianguka vyenyewe. Viwili vilipigwa risasi na askari, walioona ndani yake watu wenye bunduki waliofanana nao kabisa.

Sasa Komanda wa askari waliokaa Beni aliitaka. Alitaka kuzunguka vijijini na kulala bila mbu wala mvua. Mwezi wa tano alikuwa amemwita Melchior Beni, akamsimamisha kwenye baraza la bureau yake, ofisi ya jeshi.

"We njo ule charpentier anatengenezaka karosri ya bakamio?"

"Ni miye, Komanda."

"Ndugu yako Vagheni iko kwangu, mu cachot. Siku ile nyumba itakuwa na vitre ine, na hata tone ya mai haiingie, nitamufungulia. Parole d'officier, neno ya afisa."

Vagheni alikuwa mwalimu, na kosa lililomtia kifungoni lilikuwa mwandiko mzuri. Waasi walimkalisha mezani wakamwandikisha orodha ya kuku waliochukua kwa watu. Askari walipofika waliikuta orodha, wakausifu mwandiko, wakamchukua mwenyewe. Hiyo ilikuwa mwezi wa kwanza. Tangu hapo mkewe, Emérence, alimpelekea sombe, majani ya muhogo, na wali kila juma kwa mkono wa madereva wa Beni. Sahani zilirudi tupu, zimeoshwa vizuri, naye alifurahi kwamba mumewe hajapoteza hamu ya chakula.

Vioo havikumsumbua Melchior. Viwili alivitoa kwenye kabati la Mgiriki aliyehama, kimoja kwenye fremu ya picha ya mfalme ambayo bureau iliigeuza uso ukutani tangu uhuru, na cha nne kwenye kamio iliyopinduka. Kilichomsumbua ni mpira. Kioo cha karavani hakipigiliwi misumari. Hushikwa na utepe wa mpira wenye midomo miwili, mmoja unauma bati, mwingine unauma kioo. Ule wa kweli ulikuwa Ubelgiji, na barua za Ubelgiji siku zile zilifika Bunia na kukaa huko kupumzika. Basi Melchior alifanya kama fundi yeyote wa Butembo: alikata mipira ya ndani ya magurudumu.

Shida ni kwamba mpira wa ndani hushika tabia za barabara uliyotembea. Mafundi walilijua hilo, kama walivyojua kwamba mbao ya mkaratusi hupinda. Alianza na mpira wa kamio iliyokuwa ikileta samaki kutoka ziwani Kyavinyonge. Ulishika vizuri, lakini asubuhi alikuta magamba ya tilapia mezani na paka kumi na wanne mlangoni. Akang'oa. Akaweka mipira ya baiskeli ya katekista. Hiyo nayo ilishika, ila kila saa kumi na mbili alfajiri madirisha yote manne yalipiga kengele ya kanisa, na afisa anayeamka saa tatu asingeipenda. Akang'oa tena. Mpira wa mtu wa Kamango, aliyevusha kahawa ya magendo mpakani, ulizuia maji usiku tu. Mchana ulilegea na kulala kama mwenyewe.

Ndipo akaja Asumani, mwenye kamio, Mwislamu wa mtaa wa Beu kule Beni, mtu asiyeweza kukaa kimya hata akiwa anatafuna.

"Papa Melchior! Banasema unavalisha nyumba biatu?"

"Naivalisha miwani, Asumani. Leta mupira, acha masheka."

Asumani alishusha mipira minne mizito, myekundu, isiyo na kiraka.

"Ni ya kamio yangu. Basoda ba Komanda baliikamata mwezi ya kwanza, bakanirudishia mwezi ya tatu. Iyi mipira ingali nguvu, mais sipende kuitembeza tena."

"Juu ya nini?"

"Sipende tu." Na hapo Asumani alinyamaza, jambo ambalo Melchior alipaswa kuliangalia zaidi.

Mpira ulikatika kama jibini. Melchior aliupaka sabuni, akazungusha kamba ndani ya mfereji wake, akabana kioo, kisha akavuta kamba polepole hadi mdomo wa mpira ukaruka juu ya bati na kuliuma. Madirisha manne, siku mbili. Emérence alikuja na ndoo, akamwaga maji mara ishirini juu ya paa na vioo huku Melchior amekaa ndani na karatasi kavu mapajani. Karatasi ilibaki kavu.

"Shemeji, hata tone?"

"Hata tone."

Emérence alicheka kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa kwanza. Alisema anaenda kufua suruali ya Vagheni, kwani mtu hawezi kutoka cachot na kusafiri na suruali ileile.

Kesho yake lilikuwa jua kali, na ndani ya karavani maji yalifika kwenye vifundo vya miguu.

Melchior aliyachota kwa sahani, akayaangalia. Maji ya Butembo ni baridi na udongo wake ni mwekundu. Haya yalikuwa ya uvuguvugu, rangi ya chai ya maziwa, yenye mchanga laini. Hayakupita kando ya mpira. Yalitoka ndani ya mpira wenyewe, polepole, kama jasho. Alikausha, yakarudi. Akamwita Asumani, aliyekuwa bado sokoni akipakia.

Asumani alichovya kidole, akaonja, akatema.

"Semliki."

"Uko na hakika?"

"Ule muto miye naukatisha miaka kumi na mbili, Papa. Ni Semliki." Alikaa kwenye kidato cha mlango na kuvua kofia yake. "Balinirudishia kamio imeoshwa. Kamio yangu haiyaoshwaka tangu nilizaliwa nayo! Nikaangalia kilometa. Nikapiga hesabu. Ni Beni mupaka ku daraja, na kurudi. Mara kumi na moja."

"Balikuwa banabeba nini?"

"Ile karosri ulitengeneza weye, Papa Melchior. Unajua inaenea batu ngapi."

Melchior alijua. Watu thelathini na watano wakisimama, arobaini wakibanwa.

Siku ya tatu mpira ulitoa kifungo cha shati. Kilijitokeza kama mbegu inavyotoka kwenye papai lililoiva, kikaanguka sakafuni, na mpira ukajifunga nyuma yake bila alama. Ikafuata soli ya kiatu, kisha rozari, kisha buko, chuma cha kufungia mkanda, kisha kiko cha tumbaku. Melchior alivipanga juu ya ubao nje ya uwanja wake. Watu walianza kuja, wa Butembo kwa mguu, wa Beni kwa kamio. Walipita mbele ya ubao kama wanaochagua nyanya. Mama mmoja wa Bungulu kule Beni alichukua kiko cha tumbaku, akakinusa, akasema asante, akaondoka. Hakuna aliyepiga kelele. Wengine waliuliza tu kama kesho vitakuwepo vingine.

Siku ya tano ulitoka ufunguo mdogo wa shaba. Emérence aliugeuza mara tatu.

"Bifunguo byote binafanana," alisema.

"Ni kweli," alisema Melchior.

Wakaupeleka shuleni. Kabati la darasa la Vagheni lilikuwa limefungwa tangu mwezi wa kwanza, kwa kuwa siku aliyokamatwa alikuwa na ufunguo mfukoni. Ufunguo uliingia, ukazunguka mara moja, kabati likafunguka. Ndani mlikuwa na chaki, vibao, na daftari la majina. Mkuu wa shule, Mwalimu Edmond, alishukuru sana.

"Mumetusaidia. Tulikuwa tunataka kuivunja."

Walirudi kwa mguu. Njiani Melchior alikuwa akipanga miezi kichwani, na haikuhitaji uzi wa mgomba. Kamio ilirudishwa mwezi wa tatu. Komanda alitoa neno lake mwezi wa tano. Emérence alikuwa akipanga hesabu hiyohiyo, maana walipofika mlangoni alisema:

"Basi basoda banapenda sombe yangu."



Komanda mwenyewe ndiye aliyekuja kuchukua karavani, tarehe kumi na nne mwezi wa saba, na jeep ya kuivuta. Aliingia na viatu, akasimama ndani ya maji. Askari wake wawili walibaki nje wakiangalia mawingu.

"Charpentier, iyi mai inatoka wapi?"

"Semliki, Komanda."

Komanda aliutazama mpira wa dirisha la kwanza, akauminya kwa kidole gumba. Ukamtemea kifungo cheupe kiganjani. Alikiangalia, akakitia mfukoni pamoja na sigara zake.

"Iko chaud?"

"Iko na moto kidogo."

"Bien. Butembo iko baridi sana. Toboa shimo apa chini, weka na tiyo. Nitakuwa naoga."

Melchior alitoboa shimo, akaweka bomba. Alipomaliza alisimama wima, nyundo mkononi, na akasema lile ambalo alikuwa amelibeba siku tisa.

"Komanda, ulisema hata tone haiingie."

"Haikuingia. Ilikuwa mu ndani. Unaona niko mutu ya kukosa parole?"

Akaweka karatasi juu ya meza ya karavani na kuandika kwa uangalifu: Vagheni, mwalimu, anafunguliwa leo. Atakuja kusaini kwenye bureau ya Butembo kila siku ya kwanza ya juma. Akapiga muhuri, akapuliza wino ukauke.

"Komanda, Vagheni iko wapi?"

"Soma. Iko libre. Mutu libre, miye nitajua namna gani kwenye anaendaka?"

Majuma mawili yalipita. Kisha askari walifika kwa Emérence, wakamwambia kwamba mumewe alifunguliwa na hajaja kusaini hata mara moja. Mtu aliyefunguliwa asiyesaini yuko msituni na waasi, na nyumba ya mtu wa msituni huchomwa. Walimwonyesha na kiberiti, kwa adabu, wasije wakasemwa hawakumwonya.

Siku ya kwanza iliyofuata, Jumatatu, Emérence alienda bureau. Karavani ilikuwa imeegeshwa uani pale, imepakwa rangi ya kijani, na bomba la Melchior likidondoka chini yake. Alikinga bidon, dumu la lita tano, akapanga mstari, akaiweka juu ya meza ya karani. Karani aliitwa Élisée, naye alifundishwa kusoma na Vagheni.

"Njo ye mwalimu?" aliuliza Élisée.

"Njo ye."

Élisée alifungua kitabu kwenye ukurasa wa V. Emérence aliinamisha bidon, tone moja likaanguka penye mstari, likaacha duara la rangi ya chai. Élisée alilipuliza, akalipiga muhuri.

"Mwalimu, asante," aliiambia bidon. "Juma kesho ukuye mapema, kunakuwaka batu mingi."

Na walikuwa wengi. Habari ilifika Beni, na kila siku ya kwanza kamio ya Asumani ilishusha wanawake ambao waume wao nao walifunguliwa kwa karatasi, wenye bidon, vibuyu, hata chupa za dawa. Nyumba hazikuchomwa. Mwezi wa tisa Mwalimu Edmond aliandika barua kuuliza kwa nini mtu aliye huru, anayesaini kila juma mjini, haonekani kazini. Alipokosa jibu akamfuta kazi. Mwezi wa kumi Vagheni alipewa cheti cha mwenendo mwema.

Siku ya kwanza iliyofuata, asubuhi, Emérence alipitia misheni na bidon yake na cheti kile. Alitaka mumewe asomewe misa ya wafu. Padri aliyekuwa zamuni alimpa kiti, akamsikiliza mpaka mwisho, akasoma cheti pande zote mbili.

"Mama Emérence, mutu anasaini ku bureau kila siku ya kwanza. Miye nitamuzika namna gani?"

Emérence alichukua cheti na bidon, akatoka. Mstari wa bureau ulikuwa umekwisha kufika sokoni, na bureau hufungwa saa sita.