Kuku Wangu, Mayai Yangu

Kaveke hakumpokonya yai. Alilichukua taratibu kutoka kiganjani mwa Mbula, kama mtu anayemwondolea mtoto wembe, akalifuta kwa leso yake na kulirudisha kwenye trei pamoja na mengine.

"Hili ni la soko," alisema. "Ama unataka kuzaa ndama?"

Mbula aliitazama trei. Kuku walikuwa wake. Alikuja na matetea manne kutoka kwao Mutomo mwaka alioolewa hapa Zombe, na sasa walikuwa kumi na tisa. Ni yeye aliyewachanja, ni yeye aliyepigilia mabati ya banda baada ya kicheche kumaliza vifaranga. Lakini tangu tumbo lake lianze kutangulia mlangoni, mayai yalikuwa yamepata mwenyewe mwingine. Kaveke, mama mkwe wake, alikuwa na sheria zake, alizorithi kwa mama yake: mwenye mimba ya miezi ya mwisho hali mayai, hali maini, hali nyama yenye mafuta. Mtoto akinenepa ndani, atakwama akitoka.

"Mwaitu," Mbula alisema, maana ndivyo alivyomwita, mama yangu, hata siku alizotamani kumwita vingine. "Nilikwambia alichosema daktari. Damu yangu ni nane."

"Nane si ni nyingi? Mimi sikupimwa hata moja, na nilizaa saba. Beba trei, tunachelewa."

Daktari mwenyewe alikuwa muuguzi, Kathini wa zahanati. Juzi alikuwa amemchoma Mbula kidole, akatazama kimashine chake cha kupimia wingi wa damu: nane, na mjamzito anatakiwa apite kumi.

"Unakula nini?" aliuliza.

"Muthokoi." Mahindi yaliyokobolewa, yaliyochemshwa.

"Na nini?"

"Na muthokoi."

"Kwenu mnafuga kuku?"

"Kumi na tisa."

Kathini aliweka kalamu chini. "Basi unanichezea. Sikiza, Mbula. Ukimwaga damu kidogo tu siku ya kuzaa, utanifia mezani. Meza hivi vidonge kila siku, na ule mayai, maini ukipata, ndengu, mboga. Nakupa wiki nne. Isipopanda, hapa sitakuguza, nitakuandikia barua uende hospitali kubwa. Na uombe uchungu usikushike njiani."

"Mama mkwe anataka ninunue kopo la ule unga wa wajawazito."

"Kopo si sumu. Lakini wewe una njaa, mama. Njaa tu."

Neno hilo ndilo lililomchoma kuliko sindano. Njaa, katika boma lenye kuku kumi na tisa.

Miaka miwili tu nyuma, hakuna mwanamke Zombe ambaye angenunua unga wa kopo kwa ajili ya mimba. Walikuwa wakicheka. Mimba si ugonjwa, walisema, na aliyeonekana na kopo aliulizwa kama anazaa mzungu. Kisha akaja Nzilani kutoka Malili, na gari dogo jeupe na sauti ya kuongoza kwaya, akawaonyesha kopo la dhahabu lenye picha ya mama anayecheka. Mke wa mwinjilisti akanunua la kwanza. Baada ya hapo kopo likapanda dirishani, mahali ambapo mpita njia hawezi kulikosa, na siku hizi mjamzito asiye na kopo dirishani anaulizwa kama mumewe bado yuko hai.

Musembi, mume wa Mbula, alikuwa hai. Alikuwa huko huko Malili akiuza vipuri vya malori, na mwezi huu hakuwa ametuma kitu. Mbula alipompigia simu kuhusu mayai, alisema, "Sikiza mama. Yeye ndiye amezaa, si mimi." Kisha akakata.

Kwa hiyo Alhamisi ile Mbula alibeba trei mbili juani, tumbo mbele, mama mkwe nyuma akimhimiza. Waliyauza kwa mwenye hoteli pale sokoni. Yule mwanamume aligonga yai moja hapo hapo, akalimwaga kwenye kikaango, na harufu yake ikamfuata Mbula mpaka ng'ambo ya barabara. Alikasirikia harufu, akakasirikia njaa yake.

Nyuma ya kanisa, akina mama wa ushirika walikuwa wameketi kwenye mabenchi. Nzilani alikuwa amepanga makopo mezani kama anaandaa meza ya Bwana.

"Aliyetumia haya, mtoto wake hakulia njaa hata siku moja!" alikuwa akisema. "Amina?"

"Amina," walijibu.

Kaveke alilipia kopo kwa fahari, akampa Mbula alishike ili wote waone. Mbula alilishika. Alikuwa na cheti chake cha kidato cha nne kwenye sanduku chini ya kitanda, na macho yake yakafanya kazi yaliyofundishwa: yakazunguka kopo, yakampita mama anayecheka, yakatua kwenye maandishi madogo ya nyuma. Alisoma mara moja. Alisoma tena, na damu, ile nane yote, ikampanda kichwani.

"Sista Nzilani," aliita. "Ndani ya hili kopo kuna nini?"

"Vitamini, mama. Madini. Kila kitu."

"Hapana. Hapa nyuma, baada ya sukari."

"Hiyo ni Kizungu ya kiwanda."

"Mimi Kizungu hainishindi. Sukari. Maziwa ya unga. Yai zima lililokaushwa."

Shingo zilinyooka kwenye mabenchi.

"Yai la nini?" aliuliza mama mmoja mzee.

"La kuku, mama."

"Kuku gani?"

"Wa Nairobi labda, wale hawanenepeshi," mwingine akadakia, na kicheko kikalipuka.

Nzilani alitabasamu kwa meno ya mbele tu. "Hilo yai limepitia mashine, dadangu. Si kama hayo yenu ya nyumbani."

"Ya nyumbani yana nini?" Mbula aliliinua kopo juu. "Mwaitu amenibebesha mayai yangu kwenye hili jua, nimeuza mayai, ninunue mayai! Nikiyaona kwenye sahani ni sumu, yakiwa kwenye kopo ni baraka. Na ninyi nyote mnasema amina!"

Kicheko kilikatika. Kanyiva, mwenyekiti wao, alisimama.

"Mbula, keti. Huyo ni mama wa bwana yako unamwaibisha, tena kwa nyumba ya Mungu."

"Nimesoma tu kilichoandikwa."

"Umesoma kwa kiburi."

Hakuna aliyemtetea. Lakini Nzisa, msichana wa mimba ya kwanza aliyekaa benchi la mwisho, aligeuza kopo lake taratibu na kuanza kusoma, midomo ikitembea.

Njiani Kaveke alitangulia. Walipofika nyumbani, aliketi kwenye kigoda jikoni, kopo mapajani.

"Dada yangu alikaa na uchungu siku tatu," alisema hatimaye. "Mtoto alikuwa mkubwa. Alikuwa amekula vizuri, bwana yake alikuwa na duka. Tulizika wawili kwa shimo moja. Mimi ndiye nilimshika kichwa. Wewe unafikiri nakunyima kwa uchoyo?"

Mbula alisimama mlangoni. Hasira yake ilitafuta pa kukaa, ikakosa, lakini haikuondoka.

"Pole, mwaitu. Kweli pole. Lakini yeye angezaa siku hizi angepasuliwa akapona. Mimi nikikosa damu, hakuna kisu cha kunitia damu."

Hakungoja jibu. Alienda bandani, akapitisha mkono chini ya tetea aliyeketi kwenye kiota cha kutagia, akatoka na mayai matatu yenye joto. Aliyavunja yote kwenye sufuria, moja baada ya jingine, kwa nguvu kuliko ilivyohitajika.

"Ukifa kwa kuzaa," Kaveke alisema, "usiseme sikukwambia."

"Nikifa sitasema kitu. Nipe chumvi."

Mama mkwe hakusogea. Mbula alinyoosha mkono na kuuacha hewani, mayai yakikaangika, mpaka yule mama mzee aliposonya, akainuka, na kumtupia mkebe wa chumvi.